Matanga ya Kijana wa Mlima

Sijamsamehe yule kijana mpaka leo. Najua mtu mzima hagombani na katuni, na mimi ni mtu mzima hasa, mama wa watoto walionipita kimo, lakini nikisikia tu wimbo wake ukitoka kwenye simu ya mtu hapa Kindu, moyo unanipanda. Yaya yangu ana adabu kuliko mimi. Yeye huinuka polepole, hujifanya ana kitu jikoni, kisha huenda zake.

Yaya, kwetu, ni ndugu aliyekutangulia tumboni, awe mwanamume au mwanamke. Huyu wangu ni mwanamke, na alinitangulia kwa miaka ya kutosha kunibeba mgongoni, kunifunza kusuka na kunichapa, na hadi leo anawahadithia wakwe zangu jinsi nilivyokuwa nikikojoa kitandani. Nampenda sana.

Vita vilipokuja, baba alikuwa akifanya kazi kwenye reli. Alipanda treni kwenda upande wa Katanga kama alivyopanda mara nyingi, na nyuma yake njia ikakatika. Yeye akabaki kule, sisi huku, na katikati vita. Hakukuwa na barua wala simu. Mara mojamoja mtu alikuja kusema amesikia kwa mtu kwamba baba yupo hai, na mama alimpa huyo mtu chakula kizuri kuliko alichotupa sisi. Nyumbani tulikuwa mama, yaya, mimi, na wadogo zetu wawili wa kiume ambao kazi yao ilikuwa kula.

Mji ulikuwa umefungwa. Vitu vya mbali vilishuka kwa ndege: chumvi, sabuni, betri, nguo. Mchele na mafuta ya mawese vilikuwa vijijini, ila kati ya mji na vijiji kulikuwa na watu wenye bunduki wa kila aina, wa mjini na wa msituni, na wote walikuwa na njaa. Aliyetaka kula ilimbidi apite katikati yao. Nyumba nyingi zilituma mtu mmoja. Nyumba yetu ilimtuma yaya.

Nikisema ilimtuma nakosea kidogo, maana hakuna aliyefungua kinywa kumtuma. Siku moja aliweka madaftari yake ya shule juu ya kabati, akaitoa nje baiskeli ya baba, akafunga nyuma yake chumvi na sabuni za biashara ya mama kwa mipira iliyokatwa kwenye tairi bovu, akaungana na kundi lililokuwa likivuka mto kwa mtumbwi kuelekea Kailo. Baiskeli ile haikuwa ya kupandwa. Ilisukumwa, kwenda na kurudi, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili aweze kuiongoza akitembea pembeni. Akarudi na mchele. Tukala, tukamshangilia. Baada ya siku chache akaenda tena, na kuanzia hapo ikawa ndiyo kazi yake, bila mtu yeyote kusema kwamba ni kazi yake.

Sifa alizopata zilitosha kujaza gunia. "Huyu mutoto njo baba sasa," walisema majirani, njo ikiwa ndiye na ndiyo ya kwetu. "Yaya wenu ni chuma." Mama naye alisema hivyohivyo mbele za watu, kwa fahari ya kweli, mkono begani kwake. Yaya alitabasamu, kwani mtu akisifiwa anafanya nini zaidi? Nyuma ya kisigino alikuwa na kidonda ambacho hakikufunga. Kila kilipokaribia kupona, njia ilikifungua upya. Sisi wote tulikizoea kile kidonda kama tulivyouzoea mlango wa nyumba.

Starehe yake ilikuwa moja tu, video. Karibu na soko la mtaa wetu kulikuwa na bwana mwenye televisheni, mashine ya kaseti na jenereta. Alikuwa amefunika madirisha ya chumba kimoja kwa maturubai ili giza liingie, akapanga mbao juu ya matofali ziwe viti. Ilionyeshwa mchana baada ya sala ya alasiri, kwa sababu jioni wanajeshi hawakutaka kumwona mtu njiani. Kaseti zililetwa na wafanyabiashara wa ndege, na kwa kawaida zilikuwa za Wachina wanaopigana mateke. Halafu siku moja likaja boksi la katuni za Wajapani zinazosema Kifaransa, na vijana wa mtaa mzima wakapata wazimu.

Kifaransa cha katuni hizo kilikwenda mbio, basi mwenye video akamweka mfasiri. Huyu alisimama kando ya televisheni na kijiti mkononi, akageuza maneno kwa Kiswahili chetu na kuongeza mengi ambayo hata Wajapani hawakuyajua. Adui mkubwa alimpa sauti ya mtoza ushuru wa sokoni: "Tikiti yako iko wapi? Toa kitu ya mukubwa!" Chumba kizima kilianguka kwa kicheko, na wenye hasira kati yetu walimtupia adui maganda ya karanga.

Shujaa tulimwita Kijana wa Mlima. Alikuwa na nywele nyeupe za mzee juu ya uso wa mtoto, na aliishi kwenye mji uliojengwa chini ya mlima wenye moto ndani. Kila mlima ulipoamka, yeye alipanda kwenda kuutuliza, akashuka ameungua, na watu wa mji wakampigia makofi langoni. Hakuwa na baba wala mama. Akipewa chakula alikigawa. Kila kaseti ilikwenda hivyo, mlima, kupanda, kuungua, makofi, na sisi hatukuchoka.

Yaya alimpenda kwa namna iliyonitia haya. Alizipanga safari zake ili awe mjini siku ya kaseti mpya, na alipochelewa ilikuwa juu yangu kumsimulia yote huku ameloweka miguu kwenye beseni, na ole wangu niruke kitu. Niliposema kwamba safari hii kijana ameungua mkono wote, alinijibu kwa uhakika wa mtu anayezungumza juu ya shemeji yake.

"Yule atapumuzika. Utaona tu. Kwa mwisho watamujengea nyumba, watamupa muke, atakaa chini, atakula."

Mwisho ukafika siku ambayo yeye yupo. Tulikaa mbao ya mbele. Mlima uliamka vibaya kuliko siku zote, na wakubwa wa mji wakakutana, wakaangaliana, halafu wote pamoja wakageuza macho wakamwangalia yeye. Hakuna aliyesema neno. Kijana akatabasamu, akapanda, akaingia kwenye mdomo wa mlima na kuuziba kwa mwili wake mwenyewe. Akawa mwanga, na mwanga ukapaa. Chini, mji mzima ukatoka nje ukaangalia juu. Wakatabasamu. Msichana mmoja akasema asante. Maua yakaota palepale, wimbo ukaanza, na mfasiri wetu, mtu ambaye hajawahi kukosa la kuongeza, alibaki ameshika kijiti chake kimya. Mwishowe akasema tu, "Basi. Njo mwisho."

Wavulana wengi walipiga makofi. Wengine walijifuta macho na kusingizia moshi wa jenereta. Mimi nilikasirika kwa sababu ya kitoto: nilikuwa nimengoja harusi. Yaya hakupiga makofi wala hakulia. Alikaa mpaka mwenye video akazima jenereta na kutuambia kwamba na yeye ana kwao.

Tulipofika nyumbani, mama alikuwa bado sokoni, wadogo zetu wamekwenda kucheza, na baiskeli imeegemezwa ukutani. Mzigo ulikuwa umefungwa tayari kwa safari ya kesho asubuhi. Mama ndiye aliyeufunga kabla ya kutoka, ili kumpunguzia kazi, na aliufunga vizuri. Yaya alisimama mbele ya ile baiskeli muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika mbele ya nyumba, akajifunika mtandio hadi usoni, akakaa chini.

"Yaya, unafanya nini?"

"Niko na matanga," akasema.

"Ya nani?"

"Ya yule. Wenzake hawakumukalia hata saa moja. Basi mimi nitamukalia."

Nilifurahi mno. Nikaenda kutafuta kitambaa, nikajifunika, nikakaa kando yake. Nilikuwa katika umri ambao mtu mkubwa akifanya upuuzi, mtoto huona amepata mwenzake.

Sasa lazima nieleze desturi yetu, maana bila hiyo hamtaelewa jinsi watu wenye akili timamu walivyoingia katika jambo hili. Kwetu matanga hayatangazwi kwa mdomo. Ukiona mkeka mbele ya nyumba na wanawake wamekaa chini wamejifunika, umekwisha kuambiwa. Na ukipita hapo huulizi aliyekufa ni nani. Unakaa kwanza, unatoa pole, unanyamaza na wenye msiba; kuuliza ni baadaye. Miaka ile ya vita ndiyo tuliishika desturi hii kwa mikono miwili. Habari za vifo zilitoka msituni kwa mdomo, bila maiti, na mara nyingine familia haikutaka kutaja kwa sauti ni nani na amekufa mkononi mwa nani. Aliyeuliza sana alionekana kama mpelelezi. Kwa hiyo watu walikaa.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mzee wa nyumba ya nyuma, aliyekuwa akitoka kuteka maji. Alitua ndoo yake, akavua viatu, akaketi. "Pole, watoto wangu."

"Aksanti, mama," akasema yaya, na sauti yake ilikuwa ya mfiwa kweli.

Akaja mwingine na kuni chache kichwani, akaziacha pembeni kwa ajili ya moto wa matanga. Akaja wa tatu na kahawa iliyofungwa kwenye karatasi. Kwa miaka ile, kahawa ilikuwa kitu cha kuonewa uchungu. Nilimgusa yaya kwa kiwiko. Hakunitazama. Nadhani naye alikuwa ameanza kuona ukubwa wa jambo, lakini mtu akishaanza kupewa pole, hajui ni wapi pa kusimamia ili aikatae.

Halafu akaja mwalimu wa chuo cha Kurani, tasbihi mkononi. Akasimama, akainamisha kichwa, akanyoosha viganja. "Tumusomee Fatiha."

Hapo yaya akashtuka. Kucheza na majirani ni jambo moja, kucheza na Fatiha ni jingine. "Hapana, mwalimu! Musimusomee. Huyu hakukuwa Mwislamu."

Kwenye ukingo wa mkeka alikuwa amekaa mama mmoja wa Kasai, mke wa mfanyakazi wa reli kama baba yetu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya mto. "Hakukuwa Mwislamu?" akasema. "Basi njo wetu huyo!" Na papo hapo akaanzisha wimbo wa kanisani kwao, macho amefumba.

"Hata wenu hapana, mama," yaya akamkatiza, karibu analia kwa aibu.

"Sasa alikuwa wa nani?"

Yaya akafikiri. "Hakukuwa na muntu," akasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo lililoharibu kila kitu. Kwa wanawake wale hakukuwa na neno baya zaidi ya hilo. Mtu kufa bila mtu! Yule bibi wa ndoo akajishika kichwa, akaanza kulia, na mwenye kuni akalia naye, na mara wote walikuwa wanalia. Hawakumlilia Kijana wa Mlima. Kila mmoja alikuwa na wake aliyepotelea mahali fulani bila mtu. Mimi mwenyewe nilijikuta nalia, ingawa nilijua marehemu amechorwa kwa rangi.

Mama akatokea kwenye kona ya njia wakati huohuo, akitoka sokoni na beseni lake kichwani.

Aliona mkeka. Aliona wanawake wanalia mbele ya nyumba yake, na yule mke wa mfanyakazi wa reli kati yao, na mwalimu amesimama. Beseni lilianguka lenyewe. Hakupiga kelele. Alikuja polepole akitafuta kitu cha kushika hewani, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Njo yeye?"

Yaya aliruka juu. "Hapana! Si baba! Mama, si baba! Baba hana kitu!"

"Sasa ni nani?"

Yaya akajivuta mtandio usoni.

"Ni yule wa video," yaya akasema.

Nimeona nyuso nyingi maishani, lakini sijaona tena nyuso nyingi pamoja zikikosa la kufanya. Mwalimu akasema "Astaghafirullah," akageuka akaenda zake upesi, na nilipomtazama kwa nyuma mabega yalikuwa yanatikisika. Mwenye kahawa akaangalia kahawa yake. Mama wa Kasai alikuwa amefungua kinywa, kisha akashika kifua.

"Yule wa nywele nyeupe?" akasema. "Yule watoto wangu wanamupendaka? Amekufa?"

"Leo, mama."

"Yesu wangu," akasema, na akakaa tena.

Mama alikuwa amenyanyua mkono wa kumpiga yaya. Mkono ulikaa juu, ukashuka. "Umeniulia mume," akasema. "Umeniulia mume juu ya muntu wa kuchora!" Kisha akaketi mkekani palepale, katikati ya waombolezaji, akalia kwa sababu mumewe hakuwa amekufa.

Ilikuwa wakati wa watu kuondoka. Lakini watu wakishakaa, wamekaa, na maji yalikuwa tayari motoni kwa ajili ya kahawa. Yule bibi mzee alijifuta macho akauliza, kwa upole, lile swali ambalo huja baadaye.

"Alikufa namna gani?"

Yaya akasimulia. Alisimulia vibaya mwanzoni, kwa haya, halafu akasahau haya. Mlima, kupanda, kuungua, makofi. Wanawake walisikiliza kama wanavyosikiliza kesi ya ndoa, wakikatiza kila mahali. Kwa nini hakula? Kila mara alipanda peke yake? Mji mzima haukuwa na wanaume? Mama wa Kasai alitaka kujua wakubwa wa mji walikuwa na umri gani, na alipoambiwa ni wazee wenye ndevu, akatema mate pembeni.

"Na siku ya mwisho walimuambia nini?" bibi akauliza.

"Hawakusema kitu. Walimuangalia tu."

"Hakuna aliyemuambia asiende?"

"Hata mumoja."

"Na alipokwisha kufa?"

"Walicheka. Walisema aksanti."

"Walicheka," bibi akarudia. "Ileile siku?"

"Ileile siku, mama. Na maua ikaota."

Waliuhukumu mji ule mzima, nyumba kwa nyumba. Sijawahi kusikia uchambuzi wa katuni ulio mkali kama ule, na siku hizi nasikia mwingi. Kahawa ikanywewa bila sukari. Mama hakuonja. Alikuwa amekoma kulia, na nilimwona anaangalia ukutani, ilipo baiskeli, na mzigo alioufunga kwa mikono yake. Kisha akaangalia mguu wa yaya uliotokeza chini ya kitenge, na kile kisigino. Hakuwa mtu mjinga, mama yetu. Alikuwa na njaa tu, na watoto, na miezi mingi bila mume.

Wanawake wakaondoka mmojammoja kabla jua halijaingia, kila mmoja akitoa pole mara ya pili, na nawaapia hawakuwa wanatania. Mama akainuka, akaenda kwenye baiskeli, akaanza kufungua ile mipira. Alikuwa ameikaza sana, ikambidi atumie meno.

"Mama, unafanya nini?" yaya akasema. "Kundi linavuka asubuhi."

"Kesho usiende."

"Na tutakula nini?"

"Sijui."

"Mama, muchele umebaki kidogo tu, hata—"

"Nimesema sijui! Sijui tutakula nini. Lakini wewe usiende."

Hapo ndipo yaya alipolia, yeye ambaye hakumlilia baba, wala kisigino chake, wala Kijana wa Mlima. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto aliyeanguka, na mama akamshika kichwa akakibana tumboni mwake. Mimi nilisimama pale na kitambaa changu kichwani na sikujua niende wapi. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba niliona wivu.

Ningependa kuwaambia kwamba kundi lililovuka asubuhi ile lilipatwa na baya, na mama akawa amemwokoa. Haikuwa hivyo. Walikwenda salama, wakarudi salama, na mchele wao ulikuwa mzuri. Sisi tulikula muhogo na sombe, yaani majani yake, isiyo na mafuta wala chumvi, maana ile chumvi ya mzigo mama aliiuza, na wadogo zetu walilalamika kama wabunge. Yaya alilala. Alilala mchana na usiku, akaamka kula, akalala tena, na kisigino kikaanza kukauka.

Safari iliyofuata mama alikwenda mwenyewe, na nyingine akaenda yaya, wakawa wanapokezana hivyo mpaka njia zikafunguka. Kitu kimoja tu kilibadilika, na kimebaki nyumbani kwetu mpaka leo. Asubuhi ya safari, mzigo umefungwa na kundi linangoja mtoni, aliyebaki alimshika mkono anayeondoka akamwambia, "Usiende." Alimaanisha. Na anayeondoka alijibu, "Narudi," akaenda. Mgeni angetuona wapumbavu. Lakini yaya alianza kula vizuri kabla ya safari, na akirudi alitutuma maji kwa sauti ya mtu mwenye haki zake. Baba naye, treni ilipoanza tena, alirudi amekonda na ana mvi, na alipotaka kupanda treni mara ya kwanza baada ya hapo, watu watano walimng'ang'ania mikono wakimwambia asiende. Alidhani tumerogwa.

Mwaka huu wameichora upya ile katuni, kwa rangi kali zaidi na mlima mkubwa zaidi, na binti wa yaya, msichana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, ameifuata yote kwenye simu. Nilikuwa kwao mchana alipofika mwisho. Nilitumaini Wajapani wamepata akili. Hawakupata. Mwanga ukapaa, mji ukatabasamu, na mpwa wangu akajifuta machozi na kuniambia jambo ambalo vijana wote wanaliandika huko mtandaoni.

"Mama mudogo, ni muzuri sana. Alijitoa juu ya watu wote."

Nikamwambia ni upuuzi mtupu, kwamba nimeukataa tangu vita na naukataa leo, na kwamba mji wa namna ile ungeachwa uungue. Tukabishana kwa sauti, maana mimi na yeye tunafanana. Yaya alikuwa amekwisha kwenda jikoni kama kawaida yake. Akarudi, mikono ina unga, akasimama mlangoni.

"Lakini mama," binti akamgeukia, "hata wangemukataza, angeenda tu. Ni shujaa."

"Angeenda," yaya akasema. "Hata mie nilikuwa naendaka."

"Sasa unawakasirikia juu ya nini?"

Yaya alijikung'uta unga, kidole kwa kidole, na nikaona anatafuta namna ya kulisema kwa mtoto ambaye hajawahi kusukuma kitu kizito kuliko begi la shule.

"Kuenda wamekukataza, na kuenda wamekuambia aksanti," akasema, "haiko njia moja."